Kusomea udaktari wa familia nikitokea kaunti ya mashambani: nitajuta?

DktNyika
Habari za humu. Mimi ni daktari wa kawaida, sijasomea ubingwa wowote, katika hospitali ya kaunti ndogo huku Kwale. Upande wa nyika, si ule wa mahoteli. Kaunti imekubali kunipa likizo ya masomo yenye mshahara, kwa sharti nirudi. Nimebaki njia panda kati ya uzazi na udaktari wa familia.

Kliniki yangu ya jana: mama wa presha aliyeacha dawa, mtoto wa selimundu, mzee wa matende aliyetaka tu mtu amwoshe mguu vizuri, na kijana wa kifafa aliyeangukia jiko. Hakuna hata mmoja kati yao mwenye nauli ya kufika kwa bingwa Mombasa. Moyo unanivuta kwenye familia. Ila wenzangu wakisikia wanacheka, eti nitasoma miaka minne nitoke nikiwa vile vile nilivyoingia. Waliopitia huko, mafunzo yenyewe yakoje? Na ukirudi, kaunti inajua ikuweke wapi?

Kisu_Kikali
Soma uzazi, bwana. Akina mama hawataacha kuzaa, na kliniki ya jioni mjini itakulipia karo za watoto. Daktari wa familia hata mgonjwa hajui anatibu nini.

Mama_Raundi
Daktari, hongera kwa likizo, maana wengi wanaisikia redioni tu. Mimi ni bingwa wa familia. Nimesomea magharibi nikabaki huko huko, kwa hiyo nina upande wangu na siufichi.

Kisu_Kikali amesema kweli kuhusu pesa. Kama kliniki ya jioni ndiyo hesabu yako, nenda uzazi kwa amani, hutakuwa umemkosea mtu.

Sasa mafunzo. Chuo Kikuu cha Moi ndicho kilichoanza hapa Kenya, 2005, na idara haikuwafungia wanafunzi Eldoret. Hospitali ya Webuye, mji mdogo huku magharibi, ikawa darasa. Kabarak wanafundishia hospitali za misheni: Chogoria, Tenwek, Kijabe. Aga Khan wako Nairobi. Utapita watoto, uzazi, upasuaji, wodi za watu wazima, afya ya akili. Utafanya upasuaji wa kujifungua hadi mkono uzoee, utadunga ganzi ya mgongo, utashika ultrasaundi. Wanaocheka hudhani tunaonja kila sufuria. Tunachosoma ni yale yanayokuja mlangoni kwa wingi, na tunayasoma kwa kina cha mtu ambaye usiku wa manane hana bingwa wa kumpigia simu.

Hiyo ni nusu. Nusu ya pili haina cheti chake na ndiyo iliyonibadilisha. Tulikuwa na mama mmoja wa kisukari aliyekuwa akirudi wodini kila mara, sukari juu, anapumua kama aliyekimbia. Kila akirudi tunaongeza insulini. Kwenye faili tukamwandika "hafuati maelekezo". Mwalimu wangu akasema twende kwake. Tukakuta dawa iko juu ya kabati, chini ya mabati, nyumba yenyewe ina joto la kuoka mkate. Mama alikuwa akijidunga kila siku bila kukosa, ila alichokuwa akijidunga kilikuwa kimekwisha nguvu. Tukamwonyesha kuweka chupa ndani ya chungu kidogo, chungu ndani ya kikubwa, mchanga wa maji katikati. Dozi tukaishusha.

Hapo mimi nilidhani kazi imekwisha. Tukiwa njiani kurudi mwalimu akauliza, "Wangapi wengine?" Sikuwa na jibu. Tukakaa na wahudumu wa afya ya jamii, tukapita boma kwa boma, tukapata wengine waliokuwa wakiweka dawa juu ya kabati kama yeye. Wauguzi wa zahanati sasa wanafundisha chungu siku ile ile mgonjwa anapopewa insulini ya kwanza. Swali lile la njiani ndilo somo zima. Si jipya pia: Sidney na Emily Kark waliliuliza Pholela, Afrika Kusini, tangu 1940, walipoanza kuhesabu watoto wa kijiji badala ya kungoja wale wanaoletwa wakiwa hoi.

Kwa hiyo ukienda kuulizia chuo, acha kwanza habari za maktaba. Muulize mkuu wa idara: nikiwa kituo cha mashambani, mwalimu wangu atakuwa nani, na analala wapi? Kama anakuja Alhamisi na gari na kuondoka kabla ya jua kuzama, utajifunza kutoka kwake kwamba mashambani ni mahali pa kutembelea. Hakuna mhadhara utakaokuondolea hilo baadaye. Mimi wa kwangu alikuwa na kuku pale kituoni. Nilimwona akiitwa usiku, nikamwona akiamua nani apelekwe rufaa na nani abaki, nikamwona pia akichoka na kumkatalia mtu. Watu huuliza kwa nini nilibaki. Nilishaona kwa macho yangu kwamba mtu anaweza kuishi pale akiwa daktari mzuri na asife kwa upweke.

Bahari_Beach
Na wale waliopelekwa Kyuba? Si walisomea hiyo hiyo?

Mama_Raundi
Ndiyo. Mwaka 2018 serikali ilipeleka madaktari 50, na Wakyuba 100 wakaja kwetu. Wawili kati yao wakatekwa nyara Mandera 2019, na mkataba wenyewe ukasitishwa 2023. Sina ugomvi na masomo yao. Tangu 1984 Kyuba wanamweka daktari na muuguzi wake mtaani, kati ya watu anaowatibu, kwa hiyo anayehitimu anakuta kiti chake kinamngoja. Sisi tulimtuma mtu akajifunze kukaa kwenye kiti ambacho fundi hajakichonga. Na kwa maoni yangu, mtu wa kufanya kazi Lunga Lunga, huko kwenu Kwale, afundishwe karibu na Lunga Lunga, aone kifafa kinachoitwa pepo na mgonjwa anayepitia kwa mganga kabla ya kuja kwako, tena ajifunze kuongea na huyo mganga bila kumdharau.

CO_wa_Zamu
Niongeze kutoka upande wa maafisa wa kliniki, sisi ambao ndio tunaona wagonjwa wengi kabla ya daktari kujua wapo. Kwetu aliletwa daktari wa familia. Miezi ya mwanzo, raha tupu. Kila wiki alikaa nasi na mafaili ya walioandikiwa rufaa, tunachambua moja moja bila kugombezwa. Rufaa za ovyo zikapungua, na zile za lazima zikaanza kwenda mapema. Alitufundisha kuuliza nauli kabla ya kumpa mtu tarehe ya kurudi.

Halafu wakamfanya msimamizi wa hospitali. Ukimtafuta sasa yuko kwenye mkutano wa zabuni ya vyakula. Kiti cha kliniki kiko pale pale, kitupu. Kwa hiyo DktNyika, swali lako la "kaunti itakuweka wapi" ndilo la kupigania kuliko la chuo gani.

Mama_Raundi
@CO_wa_Zamu umegusa kidonda. Anaonekana anajua kila idara, basi anapewa mafaili ya kila idara. Imewakuta wengi niliosoma nao.

Sheria ya Afya ya Msingi ya 2023 imetupa pa kusimamia kidogo. Hospitali ya kaunti ndogo inakuwa kitovu, zahanati na vituo vya afya vinaizunguka, na kuna timu ya kuvitembelea na kuvisaidia. Daktari wa familia anafaa kuiongoza timu hiyo. Karatasi inasema vizuri, mafuta ya gari ni habari nyingine. Lakini unaweza kuishika karatasi hiyo ukamwambia mkurugenzi wa afya: nirudisheni kwenye kazi hii.

DktNyika, barua yako ya likizo inasema utarudi kuwa nani?

DktNyika
Asanteni sana. Nimeitoa sasa hivi. Inasema "atatumika katika kituo chochote kadiri ya mahitaji ya kaunti". Basi.

Mke wangu ni mwalimu wa msingi, ameajiriwa na TSC, tume ya walimu, na tuna mtoto mdogo. Nikienda Webuye miaka minne tutaishije? Yeye ameniambia yuko radhi, lakini najua sauti yake ikiwa radhi kweli.

Kisu_Kikali
Uzazi Mombasa, unalala kwako kila wikendi. Nasema tu.

Mama_Raundi
Na wewe Kisu hushindwi.

Daktari, usisaini hiyo barua bado. Andika ombi fupi, heshima tele, uombe waongeze mstari mmoja: utarudi kama daktari wa familia katika kitovu cha kaunti ndogo, kliniki na usimamizi wa zahanati zake. Mpe mkurugenzi mkono kwa mkono, kisha nakala yenye mhuri wa masijala ubaki nayo. Wakikataa, angalau umejua kabla.

Kuhusu shemeji, uhamisho wa TSC aanze kuuomba sasa, asingoje barua ya chuo, maana huo una safari yake. Na kabla ya hapo mchukue mje Webuye wikendi moja, bila mtoto ikiwezekana. Aone soko, aone shule, aongee na wake na waume wa wanafunzi walioko pale, wewe ukiwa mbali. Watamwambia mambo ambayo mimi na wewe hatuwezi kumwambia.

DktNyika
Tutakuja mwisho wa mwezi huu, mshahara ukiingia.