Naomba ushauri: "riba 2% kwa mwezi", ya kiasi gani?

Habari zenu wakuu. Kikundi chetu cha wakulima wa zabibu hapa Hombolo kinaandika upya mkataba wa mkopo. Wa zamani unasema "riba 2% kwa mwezi", basi. Kwa mkopo wa 1,200,000 wa miezi 12, ukirejesha msingi (mkopo wenyewe, bila riba) 100,000 kila mwezi, riba ikipigwa kwenye mkopo wa awali ni 288,000. Ikipigwa kwenye deni linalopungua ni 156,000. Tofauti ya 132,000 si hela ya vocha!

Kumaanisha deni linalobaki tuliandika "salio", wengine wakaelewa salio la akiba. Mhasibu kaleta "bakaa" (yaani kinachobaki), wanachama wakaguna.

Je, "deni la msingi lililobaki" linatosha kisheria? Na anayepunguza deni katikati ya mwezi, riba yake ihesabiwe kwa siku au mwezi mzima?