Mbwa aje Kigoma au abaki? Likizo ya watoto, bustani ya bibi na yaliyotupata

Kutoka: Mama wa Wawili, Ohio

Ndugu zangu wa mwisho wa reli, habari za huko mliko. Shikamooni wakubwa.

Mwaka huu Mungu akipenda nauli ya watu wanne imepatikana. Shule zikifungwa tu mwezi wa sita tunashuka Kigoma kwa mama mkwe, Mwanga, wiki saba. Watoto hawajawahi kufika. Kinachonikwamisha ni mbwa. Tumemlea tangu mdogo, analala mlangoni kwa mtoto wa mwisho, na mtoto anasema bila mbwa haendi popote. Nasikia humu kuna kaka aliyekwenda na familia likizo nzima. Naomba anieleze: tumbebe au tumwache? Na watoto watashinda wakifanya nini wiki zote hizo?

Kutoka: Baba wa Watatu, Minnesota

Dada, hongera kwa safari. Mimi ndiye. Tulikwenda mwaka 2024, Juni hadi Agosti, mimi, mama watoto na watoto watatu, nyumbani kwa mama yangu Ujiji. Kuhusu mbwa jibu langu ni fupi: mwache. Lakini kuna jambo jingine ambalo hukuuliza, na hilo naomba ulisome mara mbili, kwa sababu mimi nilihangaika miezi miwili na mbwa wangu nikamsahau mbwa wa mama.

Kwanza hilo la kumbeba. Tanzania imo kwenye orodha ya Marekani ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Kuanzia tarehe 1 Agosti 2024 masharti ya kumrudisha yalibadilika: awe ametimiza miezi sita, awe na chipu chini ya ngozi, na cheti cha chanjo aliyopewa Marekani kiwe kimejazwa na daktari wa mifugo na kugongwa muhuri na idara ya kilimo ya Marekani KABLA hajaondoka. Ukiondoka bila muhuri huo, utarudi kwa njia ya mbwa waliochanjwa nje: kipimo cha damu kwenye maabara inayotambuliwa, kusubiri majibu, kuweka nafasi ya kumkagua, na kutua kwenye viwanja vichache tu vinavyoruhusiwa. Sisi tulikuwa turudi katikati ya Agosti, yaani masharti mapya yangetukuta tuko Ujiji. Tukamwacha kwa jirani na gunia la chakula. Mtoto alilia hadi uwanja wa ndege, kisha akanyamaza.

Sasa lile lingine.

Mbwa wa mama anaitwa Simba. Mchana hufungwa nyuma ya jiko chini ya mwembe, usiku hufunguliwa alinde uwanja. Hakuna anayemshikashika. Mama humtilia ukoko na vichwa vya dagaa, basi. Mwanangu wa kati alikuwa na miaka tisa, na kwetu Minnesota hutazama televisheni kichwa kikiwa mgongoni kwa mbwa. Siku ya nne, alfajiri, akatoka na ndoo kwenda kumwagilia matuta aliyotifua na bibi yake. Simba alikuwa hajafungwa, yuko kwenye chakula chake. Mtoto akapiga magoti akamkumbatia shingo.

Nilisikia yowe moja. Nilipofika, mkono wa kulia chini ya kiwiko una matundu manne, moja limechanika.

Mama alikuwa ameshakata kipande cha sabuni ya mche. Tukauweka mkono chini ya bomba tukaosha kwa sabuni dakika kumi na tano kamili, nikitazama saa, mtoto analia, mimi nalia. Jirani alileta dawa ya unga apake. Nilimshukuru nikamwomba kidonda kisiwekwe kitu chochote. Kituo cha kwanza tulichofika chanjo ya kichaa cha mbwa walikuwa nayo, seramu, yaani kinga iliyo tayari inayochomwa kuzunguka kidonda, hawakuwa nayo. Msikate tamaa mkiambiwa hivyo. Chomeni chanjo siku hiyohiyo, kisha itafuteni seramu, maana inaweza kutolewa hadi siku ya saba tangu dozi ya kwanza. Sisi tuliipata siku ya tatu, mahali pengine, baada ya kupiga simu ambazo sitaki hata kuzikumbuka. Siku ya sifuri, ya tatu, ya saba: hizo sindano msikose hata moja, na zinazofuata daktari atawapangia.

Tuliporudi nyumbani tulikuta vijana wa mtaa wameshika marungu, wamuue Simba. Niliwazuia, na si kwa huruma peke yake. Mbwa aliyeuma akibaki mzima siku kumi, maana yake siku anauma hakuwa na kichaa cha mbwa kwenye mate yake. Ukimuua siku ileile umeizika habari uliyokuwa unaihitaji. Tukamfunga kwa mnyororo mfupi, chakula kikasukumwa kwa mti, na tukaanza kuhesabu.

Siku zile kumi ndizo likizo yetu, dada. Tulikuwa tumepanga Gombe, tumepanga kwenda kuogelea. Hatukwenda. Mwanangu aliweka kigoda mbali na mnyororo, mkono umefungwa bandeji, mbele yake tuta la mchicha na nyuma yake Simba. Daktari alikuwa amenieleza cha kuangalia: anameza? anakunywa? mate yanamchuruzika? sauti imebadilika? Mtoto akawa anaandika kwenye daftari, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. Ninalo hapa. Siku ya pili: "Simba kunywa maji." Siku ya tano: "Simba kula ukoko yote. Mchicha kutoka." Siku ya nane: "Mchicha majani mbili. Simba lala." Siku ya kumi afisa mifugo alikuja, akamtazama, akasema mzima, na baadaye akamchanja. Mama alikaa chini kwenye majani akashindwa kuinuka.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla hujanunua zawadi hata moja, wapeleke watoto wakachanjwe kichaa cha mbwa hukohuko Ohio. Ni dozi mbili, siku ya sifuri na ya saba. Aliyechanjwa akiumwa bado ataosha kidonda na atachoma dozi mbili nyingine, lakini seramu haitamhusu tena, na seramu ndiyo iliyonitoa jasho. Bima yangu haikulipia chanjo hiyo ya kabla ya safari. Ningejua, ningeuza hata mashine ya kukatia nyasi. Pia mpigie mama mkwe leo: mbwa wenu amechanjwa? anafungwa saa ngapi? Halafu kaa na watoto uwaambie kwamba mbwa wa Kigoma ana kazi yake, hakumbatiwi, haguswi akila, na akikujia hukimbii, unasimama.

Kutoka: Mzee wa Kasulu, Ontario

Mwanangu, pole sana, hukuwahi kutueleza haya yote.

Niongeze moja kwa mama. Mbwa wa ulaya akifika kwetu hana kinga na kupe wetu, na mkitoka naye nje ya mji kwenda maporini kuna mbung'o. Ugonjwa wa mbung'o humpata mbwa vibaya kuliko ng'ombe: homa, macho yanakuwa meupe, kisha anakwisha. Mwacheni huko aliko.

Kutoka: Mama wa Wawili, Ohio

Shikamoo mzee. Asante, asante kaka. Nimesoma nikiwa nimesimama. Mbwa atabaki, na miadi ya chanjo nimeshaomba. Mama mkwe anasema kwake wapo mbwa wawili, na cheti cha chanjo hakioni.

Nieleze hiyo bustani. Wiki saba za ukame, nini kitaota?

Kutoka: Baba wa Watatu, Minnesota

Hao wawili wachanjwe kabla hamjatua, dada. Usiliache.

Bustani inawezekana kabisa. Juni hadi Agosti usitegemee mvua, lakini jua lipo na wadudu si wengi kama masika. Anza na mchicha: samadi iliyooza, mbegu juujuu, udongo kidogo, majani makavu ya kutandaza, maji asubuhi na jioni. Siku ya nne au ya tano unachomoza, wiki ya nne mnakula. Matembele chomeka vikonyo tu. Nyanya msiguse, mtaondoka hazijaiva. Sombe, yaani kisamvu, msipande, ya majirani inawatosha, na mawese yapo. Kila mtoto apewe tuta lake na ndoo ndogo. Wa kwetu waligombania bomba kuliko simu.

Kuhusu samaki, ulizeni mapema. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na sisi tulikuwa tumewaahidi watoto migebuka mibichi. Tulikula dagaa wakavu na mboga yetu wenyewe. Na mkirudi msitie mbegu kwenye sanduku bila cheti cha afya ya mimea, wataziona uwanjani wazitupe.

Jana mama alinitumia picha. Simba amefungwa palepale chini ya mwembe, na lile tuta la mwanangu limeachwa mchicha ukomae uzae mbegu. Anasema hauvunwi mpaka mwenyewe arudi.