Tupeane uzoefu: siku watu walipokimbilia chumvi, wewe ulinunua nini?

Bint_Bombo
Wandugu salama? Jana jioni nimepitia dukani kuchukua kipande cha sabuni nikamkuta mama mmoja anapanga pakiti za chumvi kwa mfuko, nimehesabu mpaka ishirini na mbili. Namuuliza, mama kuna arusi? Anasema hapana mwanangu, wametuma kwa WhatsApp kwamba bei inapanda. Nimerudi nyumbani moyo unanidunda kwa sababu hiyo picha nimeshaiona, ni Machi 2020 ileile, korona ilipoingia hapa Uganda.

Wakati ule mnakumbuka, shule zimeshafungwa, tarehe 21 wakatangaza mgonjwa wa kwanza, basi mji wote ukaanza kukimbia. Chumvi ya elfu moja ikafika elfu tatu ndani ya siku mbili. Mimi nilikuwa na elfu arobaini, pesa ya chakula ya wiki, na nyumbani watoto wanne. Nikaona watu wamejaa dukani nikaingia na mimi, sikujiuliza nahitaji nini, nikaangalia tu mwenzangu anachukua nini. Nikatoka na chumvi kilo sita, karatasi za choo na chupa mbili za dawa ya kunawa mikono. Tarehe 25 usiku rais akafunga taksi na boda za abiria, mimi ndani sina posho, yaani unga wa mahindi, sina maharage, makaa yamebaki chini ya kikapu. Usiku huo mtoto wa mwisho aliuliza tunakula nini nikamwambia lala, nakuja kukuamsha. Sikumuamsha. Hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo nataka tusaidiane, wewe ulinunua nini, na kipi kilikufaa kweli?

Fundi_Stima_Mbale
Kweli kabisa dada. Huku kwetu Mbale ilikuwa hivyohivyo.

Mama_Maharage
Bint, pole sana bambi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza, nauza maharage na mchele soko la Nakawa, Kampala, na mnajua sisi wa chakula tuliambiwa tukitaka kuuza tulale sokoni siku kumi na nne bila kurudi nyumbani. Nimelala chini ya meza yangu kwa neti na shuka moja, mvua ya Aprili inaingia kwa mguu.

Lakini nataka kusema nilichokiona kabla ya hapo, zile siku tano kati ya kufunga taksi na kufunga magari ya watu binafsi tarehe 30. Wenye magari walikuja asubuhi na mapema, mmoja anachukua gunia zima la maharage, gunia la mchele, hata haombi apunguziwe bei, anafungua buti anaondoka. Saa kumi na moja jioni ndio wanafika wangu wa kila siku, yule anayefua nguo, yule wa kubeba mizigo, wana elfu mbili ya leo mkononi, anataka tumpeko moja, kile kikombe cha plastiki tunachopimia. Nikiangalia gunia limekwisha na la jumla limepanda. Yule mwenye gari hakuniibia, alilipa. Lakini alichukua tumpeko mia moja na zaidi kwa mara moja, na kila tumpeko ilikuwa ya jiko la mtu.

Siku ya tatu nikaamua, gunia moja siuzi zima, liwe la tumpeko tu mpaka liishe, hata ulete pesa gani. Kuna mzee mmoja alinitukana vibaya sana kwa ajili ya hilo. Sikumuuzia.

Mtoto_wa_Kisenyi
Mama ubarikiwe. Ni wachache waliofanya hivyo.

Duka_la_Kona
Mimi nina duka Busia, mpakani na Kenya, na nimechoka kusikia kila mara wenye maduka wezi. Sikilizeni. Chumvi yetu nyingi inatoka Kenya kule pwani. Watu waliposikia mpaka unafungwa, mwenye jumla akapandisha siku hiyohiyo, mimi nikienda kuchukua katoni nyingine nalipa bei mpya. Nikiuza ile ya zamani kwa bei ya zamani kesho sina pesa ya kurudisha mzigo, duka tupu, na watoto wangu pia wanakula. Wakati ule rais alitangaza kwamba mfanyabiashara anayepandisha bei atanyang'anywa leseni, sawa, lakini mimi wa rejareja ndiye ninayeonekana, huyo wa jumla kwa stoo nani anamwona?

Mtoto_wa_Kisenyi
Duka usituzunguke. Hapa kwetu walisema chumvi imekwisha, mke wangu akaenda saa tatu usiku mlango wa nyuma akaipata, elfu nne. Ile haikuwa bei ya jumla, ilikuwa imefichwa.

Duka_la_Kona
Huyo wako labda. Mimi sikuficha.

Mtoto_wa_Kisenyi
Wote mnasema hivyo.

Hajati_wa_Arua
Wanangu acheni kwanza. Wapo walioficha na wapo walioumia, na hapa hatuna mahakama. Magari ya mizigo hayakufungwa hata siku moja, chumvi iliendelea kuingia, kwa hiyo kilichomaliza chumvi dukani ni sisi wenyewe tulioichukua yote kwa siku moja.

Mimi nilisaidiwa na mama yangu marehemu. Yeye alikulia kwenye vita, kila mavuno alikuwa anaweka. Si kwa fujo, ni kidogokidogo. Nami nimeshika njia hiyo, kila nikinunua kilo mbili za maharage ya kula naongeza nusu kilo ya kuweka. Kufika Machi 2020 nilikuwa nimeshajaza jerikani mbili za lita ishirini bila kuhisi pesa imetoka. Maharage yakauke vizuri kwanza, uma moja kwa jino, ikivunjika kwa sauti ni kavu, ikibonyea rudisha juani. Halafu jaza jerikani mpaka shingoni kabisa, usiache hewa, funga kwa nguvu. Mdudu aliyebaki ndani anakosa pumzi anakufa. Msinunue unga mwingi, unga unaharibika upesi, weka mahindi ya punje upeleke kinu ukihitaji.

Fundi_Stima_Mbale
Hajati kwa mahindi kuna njia nyingine ya kupima, chukua chupa kavu, weka punje kiasi na chumvi kavu, tikisa, acha dakika chache. Chumvi ikinata kwa chupa basi mahindi bado yana maji. Ukiyaweka hivyo yanaota sumukuvu, na hiyo sumu haitoki hata ukipika.

Kijana_wa_Wandegeya
Sasa nyinyi mnasema weka jerikani mbili, mimi nakaa kwenye muzigo, nyumba ya kupanga ya chumba kimoja, kitanda, jiko, viatu, vyote hapo, niweke wapi? Na pesa yangu ni ya siku. Kuweka akiba ni kwa wenye nafasi.

Hajati_wa_Arua
Mwanangu nakusikia. Anza na chupa ya lita tano chini ya kitanda. Ni chakula cha siku nne tano, na siku nne tano ndizo zinazomfanya mtu akimbie.

Dereva_Malaba
Mnazungumza chumvi, sisi wa barabarani tuna yetu. Mwanzo wa 2008, Kenya imewaka baada ya uchaguzi, reli imeng'olewa pale Kibera, malori hayapiti, petroli ambayo ilikuwa elfu mbili na kitu nilinunua elfu kumi lita moja nikashukuru. Halafu Januari 2022 tena, safari hii madereva tuligoma kwa ajili ya ile ada ya kupima korona mpakani, dola thelathini kila mtu. Layini ya malori Malaba na Busia ilikuwa kilomita na kilomita, nimelala kwa kabini usiku tisa. Nasikia nyuma huko Kampala watu wanagombania petroli na jerikani. Tulijua mnaumia lakini na sisi tulikuwa tunaumia.

Mke_wa_Boda
Dereva umenigusa pale penye kidonda. Nilikuwa sitaki kuandika hili, nimeandika nikafuta mara mbili.

Januari hiyohiyo 2022, shule zimefunguliwa tarehe 10 baada ya karibu miaka miwili, wazazi wote wanakimbia na watoto na magodoro, boda wana kazi ambayo hawajaiona tangu korona, na petroli hakuna. Mume wangu akasikia kuna kituo kinauza, akaamka saa tisa ya usiku akapanga layini, akapata lita ishirini kwa jerikani la njano, lile la mafuta ya kupikia. Akafurahi sana, akasema mama, wiki hii tumeshinda. Tulikuwa tunakaa chumba kimoja. Nje wezi, kwa hiyo jerikani likaingia ndani, nyuma ya pazia, na kifuniko chake kilikuwa hakibani sawasawa, tukaweka kaveera, mfuko wa plastiki, tukafunga na raba.

Siku mbili harufu ipo tumeizoea. Siku ya tatu mvua ikanyesha jioni, nikaingiza sigiri, jiko la makaa, ndani nipike, mlango nikaurudisha kwa sababu ya upepo. Sigiri ilikuwa mbali na pazia, hatua tatu hivi, nilijiona niko mwangalifu. Sikujua kwamba ule mvuke wa petroli ni mzito, hautoki juu kwa dirisha, unatambaa chini sakafuni mpaka unakuta moto. Nilisikia kama mtu amevuta pumzi, fuu, halafu sakafu yote ikawa bluu. Mtoto alikuwa kitandani. Mume wangu alipita katikati akamtupa nje kwa jirani kama mzigo, akarudi kwa ajili yangu, halafu akarudi tena mara ya tatu kulitoa lile jerikani kwa sababu ukuta wa pili kuna mama mjamzito. Alilibeba likiwaka.

Mtoto hakupata hata alama. Mimi miguu. Yeye mikono yote miwili na kifua, miezi mitatu hospitali. Yuko hai, anashika kikombe, lakini klachi ya pikipiki vidole havikunji tena. Tulikuwa na petroli ya wiki nzima na mwaka mzima hakupanda boda.

Mama_Maharage
Mungu wangu. Nyinyi watu mmepita wapi.

Bint_Bombo
Nimesoma nikasimama. Pole dada yangu, pole sana, na mfikishie salamu huyo mume.

Kijana_wa_Wandegeya
Mimi nina jerikani la lita kumi ndani sasa hivi wakati naandika. Ni ya jenereta ya saluni. Naenda kulitoa.

Duka_la_Kona
Litoe lakini usiweke juani, weka kivulini, lifunike na kitu.

Dereva_Malaba
Hapana Duka, usimfundishe hivyo. Asiweke kabisa kwenye nyumba ya kupanga, awe ndani awe nje, watoto wanapita na mtu anavuta sigara. Amimine kwenye jenereta inayochukua, nyingine auzie mwenzake leo.

Fundi_Stima_Mbale
Na kama jenereta imetoka kufanya kazi, kwanza ipoe.

Kijana_wa_Wandegeya
Nimetoa. Nimempa jirani wa boda amejaza tangi. Asante Mke wa Boda.

Mtoto_wa_Kisenyi
Niongeze moja ambayo hamjaitaja, pesa yenyewe. Februari 2016 siku ya kura walizima mitandao na mobile money pamoja. Nilikuwa na laki moja na themanini kwenye simu na sikuweza kununua mkate. Tangu hapo elfu hamsini ya noti iko ndani ya Qurani yangu, na Yaka, umeme wa kulipia kabla, nanunua kabla uniti hazijafika kumi.

Hajati_wa_Arua
Noti ndogondogo lakini. Siku kama hiyo hakuna mwenye chenji.

Duka_la_Kona
Hajati anasema kweli, mtu alikuja na noti ya elfu hamsini anataka kiberiti. Na wewe wa Kisenyi, nimekaa nikafikiri. Siku ile 2020 niliweka katoni mbili kando kwa ajili ya ndugu zangu. Sikuziuza bei ya juu, lakini nilimwambia mtu imekwisha na haikuwa imekwisha. Hilo nakubali.

Mtoto_wa_Kisenyi
Sawa kaka. Umesema kiume.

Mama_Maharage
Bint, hukusema ulikula nini baada ya ile siku.

Bint_Bombo
Jirani yangu, mama wa Kinubi wa nyumba ya tatu, alibisha mlango asubuhi. Alikuwa na unga lakini chumvi imemwishia na dukani haikuwepo. Nikampa kilo tatu, akanipimia posho ya wiki nzima na maharage. Sisi wa Bombo tulikuwa tunasikia tu kwa redio kwamba Kampala na Wakiso watagawiwa unga kilo sita na maharage kilo tatu kwa kila mtu, jeshi likaanzia Bwaise mwanzo wa Aprili, na huku kwetu siku zinapita. Yeye hakusubiri.

Leo asubuhi nimeenda kwa yule mama wa pakiti ishirini na mbili, najua anapokaa. Nimemuuliza kama ana maharage ndani. Hana. Tumerudi wote dukani, mwenye duka amekubali kuchukua pakiti kumi na nane, tumetoka na kilo tano za maharage na kopo la makaa.