Mada: Marehemu "levensgenieter", nimetafsiri vibaya?

Bi. Z., Rotterdam

Hamjambo wapendwa. Jumamosi tulikwenda mazikoni kwa jirani yetu wa ghorofa ya chini, mzee wa Kiholanzi. Mama mkwe yuko huku kwa miezi mitatu kutoka Tanga, Kiholanzi hakijui, basi nikawa namtafsiria kwa kunong'ona. Binti wa marehemu akasimama kando ya jeneza, anatabasamu na machozi yanamtoka, akasema baba yake alikuwa "een echte levensgenieter". Mimi mbio mbio: "Anasema babake alikuwa mtu wa anasa." Mama akanifinya mkono. "Astaghafirullah! Maiti hajafika kaburini, mwanawe mwenyewe anamwanika?" Kahawa na keki zilipoletwa, hakugusa.

Ningesemaje? Na kazini msimamizi aliniita hivyo hivyo aliponikuta na sahani ya pili ya wali. Nishukuru au ninune?

Kaka S., Leipzig

Dada Z., shukuru. Leven ni maisha, genieter ni mwenye kufaidi. Huku Wajerumani wanasema Genießer: mtu anayejua ladha, anakula taratibu, hana pupa. Ni sifa.

Ila jihadharini na Tagedieb, yaani mwizi wa siku. Mtu hakuiba hata kijiko, kakaa tu barazani, tayari kaitwa mwizi! Mimi lililoniponza ni Faulpelz. Faul ni -vivu, na tunda lililooza nalo ni faul. Pelz ni manyoya. Mwenzangu wa zamu alichelewa kurudi mapumzikoni, nikamrushia kwa utani, nikidhani tuko kijiweni. Wiki mbili hakunisalimia. Baadaye mke wangu akanieleza kwamba hilo ni neno la mama kwa mtoto asiyetaka kuamka. Kumbe nilimfanya mtu mzima kitoto mbele ya wenzake.

Na kwa wageni: ikifika Feierabend, saa ya kutoka kazini, usipopokea simu ya bosi hakuna atakayekuita mvivu.

J., Antwerpen

Mbona hamsemi "mla bata"?? Imeisha hiyo.

Bi. Z., Rotterdam

Mwanangu, mazikoni?

Mzee wa Bologna

Waitaliano ndio wananichekesha. Fa nulla, hafanyi kitu, ukiliunganisha unapata fannullone, tusi wanalotupiwa sana watumishi wa serikali. Far niente nayo ni kutofanya kitu, lakini tanguliza dolce, tamu, na mtu huyo huyo yuko ufukweni mwezi wa nane, anaonewa wivu. Wafaransa nao fainéant yao wanaisikia hivyo hivyo: fait néant, mtenda si lolote.

Lenye mwiba zaidi ni bamboccioni, matoto makubwa. Mwaka 2007 waziri wa uchumi, Tommaso Padoa-Schioppa, aliwaita hivyo vijana wanaoendelea kukaa kwa wazazi, na nchi ikachemka, maana wengi mishahara yao haitoshi kodi ya nyumba. Wangu ana miaka 27 na bado analala chumba kile kile. Kwetu nani angemshangaa kijana ambaye hajaoa kukaa kwao? Huku nikiulizwa habari zake najikuta najitetea.

Mzee K., Stockholm

Nilisoma Moscow miaka ya themanini. Kule mkaa bure alikuwa tuneyadets, kwa asili "mla bure", na halikuwa neno la matani. Tangu 1961 kulikuwa na amri dhidi yao, na mwaka 1964 mshairi Joseph Brodsky alihukumiwa kupelekwa mbali miaka mitano akafanye kazi huko, kwa kuwa ushairi haukuhesabiwa kuwa kazi. Niliposimuliwa sikushangaa sana. Nyumbani tulishazoea kusikia "kupe", na mwaka 1983, wakati wa Nguvu Kazi, kampeni ya serikali ya kumtaka kila mtu afanye kazi, vijana wa Dar walikuwa wakikamatwa kwa uzururaji.

Waswidi ni wapole: mvivu ni latmask, funza mvivu. Wajukuu zangu wananiita hivyo kila Jumapili.

Bi. Z., Rotterdam

Ahsanteni. Nimemweleza Mama upya: mzee alipenda chakula chake, wageni wake, mashua yake, na hakuna aliyemdai. Akanyamaza kidogo. "Sasa si ungesema tu hakujinyima?" Nimekaa na Kiholanzi miaka kumi na mmoja, neno kanipa yeye.

Leo kaamka mapema kupika mkate wa kumimina. Nimeambiwa niushushe kwa yule binti ukiwa bado wa moto.