Visiwa Elfu vya mto St. Lawrence: tukodi boti wenyewe au tupande meli ya watalii?

binti_tanga
Habari zenu wadau. Mama yangu na mama mdogo wanakuja kututembelea huku Toronto mwezi wa saba, tumepanga tuwapeleke Visiwa Elfu, pale mto St. Lawrence unapotoka Ziwa Ontario, tuzunguke na boti siku nzima. Tuko tisa, wawili ni watoto wadogo. Mume wangu kakulia kwenye mashua basi hataki kusikia habari ya meli ya watalii, anasema tukodi tujiendeshee, mimi nina wasiwasi. Halafu wote tuna hamu ya kushuka kwenye lile kasri la Boldt. Visiwa vyenyewe nasikia ni zaidi ya 1,800, sasa mtu unaanzia wapi? Na kuna wenye uraia wa Kanada, kuna wenye kadi ya ukaazi tu na paspoti ya Tanzania, hilo lina shida?

babu_kingston
Dada hilo la mwisho ndo ungeanza nalo maana ndo linaamua mengine yote. Mpaka wa Kanada na Marekani unapita humo humo mtoni katikati ya visiwa. Kasri liko Heart Island, upande wa New York, ukikanyaga pale ushaingia Marekani na maofisa wao wako hapo hapo gatini wanakagua. Kadi ya ukaazi ya Kanada kwa mwenye paspoti ya Tanzania haimsaidii kitu, anatakiwa awe na visa ya Marekani, na wazee wakija na visa ya Kanada peke yake ndo kabisaa. Msije mkagawana gatini nusu wanapanda nusu wanabaki na mikoba.

Ila meli za watalii zinazotoka Gananoque, mji wa upande wa Kanada, ni za aina mbili, zinazoshusha watu kasri na zinazozunguka tu. Hizo za kuzunguka hazina habari ya visa na kasri mtaliona vizuri sana kutoka majini. Wasimulieni wazee kisa chake, Boldt alikuwa mkubwa wa hoteli ya Waldorf-Astoria ya New York, akaanza kumjengea mkewe Louise mwaka 1900, mke akafariki Januari 1904, akasimamisha mafundi siku hizo hizo na jumba likaachwa gofu mpaka 1977 ndo likaanza kukarabatiwa. Mkisikia mtu kwenye kipaza sauti anasema kile kidaraja cha Zavikon, kinachounganisha visiwa viwili vidogo, kinaunganisha nchi mbili chekeni tu, visiwa vyote viwili viko Kanada.

nahodha_asiye_jahazi
Mwambie shemeji hivi, kwa heshima zote. Kule kwetu pwani ukiingia bandarini kutoka bahari kuu boya jekundu la kuonyesha njia unaliacha kushoto, Amerika ni KINYUME, ukipanda mto kuelekea mji wa Kingston, kule ziwani, jekundu linakaa kulia. Mtu aliyezoea kwetu mkono unaenda wenyewe upande mbaya, na pale nje ya maboya kuna miamba imejificha chini kidogo tu ya maji, propela inakwisha. Pili ile ni njia kuu ya meli za mizigo, zinapita za urefu wa mpaka mita 225 na haziwezi kukukwepa wewe na pontuni yako, unajitoa wewe. Na sheria ya Kanada inataka kila mtu awe na jaketi okozi la saizi yake, na la mtoto ulizeni mapema kabla ya kulipa, sio mnafika mnapewa la mtu mzima.

Mkiamua kukodi bakini upande wa Kanada, visiwa vya hifadhi ya taifa vina magati unafunga boti kwa kulipia, anayewahi ndo anapata, hivyo ondokeni alfajiri. Kuvuka mstari wa mpaka bila kutia nanga wala kufunga boti upande wao hamna kesi.

mpishi_ottawa
Bebeni maji ya kunywa na chakula, visiwani hamna duka. Na watoto wavae suruali ndefu, kuna kupe wa ugonjwa wa Lyme kwenye majani, jioni wakagueni mpaka nyuma ya masikio.

binti_tanga
Asanteni jamani. Nimemsomea mume hiyo ya maboya kanyamaza, kisha kasema "basi meli". Tutachukua ya kuzunguka tu. Mama mdogo anachafukwa na bahari lakini, mtoni napo kunayumba?

babu_kingston
Sio kama baharini, ila upepo wa magharibi ukivuma kutoka ziwani mchana kunachafuka kidogo. Chukueni ya asubuhi, akae chini katikati. Na kama mna nafasi ya siku ya pili njooni Kingston mpande feri ya Wolfe Island, ndo kisiwa kikubwa kuliko vyote, feri ni bure kabisa na gari linaingia.

binti_tanga
Bure?? Hiyo mume wangu asiisikie, tutalala huko huko.