Tshibumba alimchoraje Lumumba enzi za Mobutu?

brashi_kavu: Wakuu, nimeona picha za Tshibumba Kanda-Matulu wa Lubumbashi. Kuna moja ina maiti tatu, Lumumba na wenzake waliouawa naye, Mpolo na Okito, na nyuma yao misalaba mitatu. Hiyo ni miaka ya 1970, Zaire nzima chama kimoja. Hakuogopa? Na nani alinunua vitu kama hivyo?

mwana_lubum: Ndugu, kumchora Lumumba hakukuwa kosa. Mobutu mwenyewe alimtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Tena Lumumba aliuawa huku kwetu Katanga, kwa hiyo lawama inamwangukia Tshombe, aliyekuwa ameitenga Katanga na Kongo. Mobutu hakuchukia hilo. Hatari ingekuwa kuuliza nani alimkamata kabla ya kumleta huku, maana walikuwa askari wa Mobutu.

Wanunuzi? Watu wa kawaida: makarani, wafanyakazi wa migodi. Picha za sebuleni, mara nyingi kwenye kitambaa cha gunia la unga. Babu alikuwa na "Colonie belge" (koloni la Ubelgiji) juu ya redio: mfungwa kalazwa chini, anakula kiboko. Lakini tazama vizuri anayechapa ni nani. Ni askari mweusi. Mzungu kasimama tu anaangalia. Mgeni akiingia, anaanza na habari za Wabelgiji, na chai ikifika nusu keshahamia kwa wanajeshi wa juzi barabarani. Jina la Mobutu halitajwi. Kwangu mimi, huo ndio ulikuwa ujanja wa wachoraji wetu.

brashi_kavu: Na ule mfululizo wa Tshibumba wa picha 101 za historia ya nchi?

mwana_lubum: Huo ni soko jingine. Sebule gani itabeba picha 101? Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha chuo kikuu hapa, ndiye aliyezinunua 1973 na 1974. Tshibumba alimsimulia historia yote kwa Kiswahili chetu cha Shaba, yaani Katanga, kinasa sauti kikizunguka. Alijiita mwanahistoria, na sidhani alikuwa anajikweza.

gunia_la_unga: Kwa hiyo historia yetu imehamia Ulaya. Ziko Wereldmuseum Amsterdam, makumbusho yaliyoitwa zamani Tropenmuseum.

mwana_lubum: Inauma, sikatai. Ila ya babu mvua iliila rangi, tukaitupa. Na mwenyewe Tshibumba habari zake zinakatika mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuwa hajafika hata arobaini. Wazee hapa wakiulizwa, kila mmoja ana lake. Mimi sibahatishi.