Ushauri: ankara za mfumo wa zabibu zinaangukia spamu, nyingine zinapotea. Nihamie Laravel?

Kizota_dev: Wakuu, habari za majukumu. Nina mfumo wa Rails 7 (fremu ya kuundia programu za wavuti, kama Laravel) wa chama cha wakulima wa zabibu hapa Dodoma. Mnunuzi anatuma oda kwa imeili, mfumo unamrudishia ankara, na kila Jumatatu unatuma taarifa ya bei. Kwenye kompyuta yangu vyote vinaenda. Kwenye seva, ankara zinaangukia spamu, taarifa za bei hazifiki kabisa, na majibu ya wanunuzi hayaingii mfumoni. Logi ya Rails haina kosa hata moja. Mtoa huduma wa seva amefunga poti 25 (njia ambayo seva hupelekeana imeili). Mavuno yameanza, nimebanwa. Nimeshaanza kuhamia Laravel, nisaidieni hatua zake.

Ipagala: Usihame. Laravel nayo itatumia seva ile ile na DNS (rekodi za domeni) ile ile. Angalia foleni ya deliver_later (amri ya Rails ya kutuma imeili kwa nyuma, si papo hapo): ikiwa ni :async, kazi zinakaa kwenye RAM, ukiwasha programu upya zimekwenda. Weka Solid Queue au Sidekiq, zinazotunza kazi nje ya programu.

MleziWaSeva: Bandika mstari wa from (anwani ya mtumaji) ulio kwenye ApplicationMailer.

Kizota_dev: Unahusiana vipi na spamu? Ni anwani ya kawaida tu.

MleziWaSeva: Bandika, mkuu.

Kizota_dev: Ni gmail.com ya meneja. Lakini wanunuzi wameizoea tangu msimu uliopita, na uongozi hautaki ibadilike.

MleziWaSeva: Hapo ndipo penye mzizi. Ankara inadai imetoka gmail.com ilhali haina sahihi ya DKIM (muhuri wa kidijitali wa domeni) ya gmail.com, kwa hiyo DMARC (ukaguzi wa kama imeili kweli imetoka domeni inayodai) inafeli. Majibu nayo yanafuata MX (rekodi inayoonyesha imeili za domeni zipokelewe wapi) ya gmail.com, yanaishia kwa meneja. Action Mailbox, sehemu ya Rails inayopokea imeili, haiwezi kuyaona. Tumia domeni ya chama: rekodi moja tu ya SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni; zikiwa mbili, SPF inafeli), DKIM ya huduma inayokutumia, na DMARC uanze na p=none (kuangalia tu bila kuzuia).

Za kuingia, tenga domeni ndogo ya oda, MX yake ielekee kwenye huduma inayopokea imeili na kuisukuma kwenye programu yako kwa HTTPS. Endesha bin/rails action_mailbox:install, kisha kwenye ApplicationMailbox andika routing(/^oda@/i => :oda). Kwenye nginx (programu ya seva inayopokea maombi ya wavuti) ongeza client_max_body_size: kawaida yake ni 1m, kiambatisho kikizidi hapo inarudisha kosa 413 (ombi ni kubwa mno) na oda haiingii.

Nkuhungu: Mimi naona kubwa zaidi ni hili: oda za chama zinakaaje kwenye imeili ya mtu binafsi? Siku akiondoka, anaondoka na majina na simu za wateja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Uongozi uelezwe hivyo.

Makole_C: Samahani, simulizi haishikani. Poti 25 imefungwa, halafu ankara zinafika hadi spamu? Zimepita wapi? Hii ni kazi ya darasa, tunatungiwa.

Kizota_dev: Sijatunga. Ankara zinapita huduma ya nje, poti 587. Taarifa za bei aliyenitangulia aliziwekea Postfix (programu ya kutuma imeili) ya hapo hapo kwenye seva. Sikuona kama ina maana.

Makole_C: Nimekuelewa, na pole. Ina maana sana. Postfix ikishapokea, Rails inahesabu kazi imeisha, ndiyo maana huoni kosa. Poti 25 imefungwa, kwa hiyo imeili inakwama kwenye foleni, kwa kawaida siku 5, kisha Postfix inakata tamaa. Hata taarifa ya kushindwa inatumwa kwa gmail ya meneja kupitia poti 25 hiyo hiyo, nayo inakwama. Endesha mailq uione foleni hiyo.

Kizota_dev: Zipo 63, zote za Jumatatu. Nizisukume?

Makole_C: Hapana! Bei ya Jumatatu ikimfikia mnunuzi leo, atataka kulipa hiyo. Zifute kwa postsuper -d ALL, kisha taarifa za bei nazo uzipitishe 587 kama ankara.

Kizota_dev: Nafuta sasa. Kesho asubuhi naingia kwa meneja na suala la domeni.